Mkojo Kutoka Figoni Hadi Maabara: Mwongozo Kamili wa Kuujua na Kuupima

Hapa Lamu hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba samaki aliyevuliwa alfajiri akakosa barafu, ikifika adhuhuri si wa kuliwa tena. Mkojo nao ni vivyo hivyo. Ukishatoka mwilini huanza kubadilika, na kwa joto letu hubadilika upesi. Kwa miaka niliyokaa mbele ya hadubini nimekutana na majibu mengi yasiyo ya kweli, na chanzo chake mara nyingi hakikuwa mashine wala dawa za maabara. Kilikuwa chupa iliyotumika, namna mkojo ulivyotolewa, au saa ulizokaa njiani.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kwa boti kutoka Kisiwa cha Pate. Mkojo aliutoa baada ya sala ya alfajiri, akautia katika chupa ya soda, akaifunga vizuri na kuificha mkobani. Alitufikia saa saba mchana. Kijiti cha kupimia mkojo kikaonyesha sukari, kikaonyesha na dalili za vijidudu. Mama akaanza kulia, kwa kuwa dada yake alikatwa mguu kwa kisukari. Nikampa kikopo kisafi, nikamweleza namna ya kutoa mkojo, akarudi baada ya dakika chache. Mkojo ule mpya haukuwa na sukari wala vijidudu, na damu yake ya kidoleni ilikuwa na sukari ya kawaida. Sukari ya mwanzo ilikuwa mabaki ya soda, na vijidudu vilizaana baharini. Akaniuliza, "Basi mwanangu, safari yote hii nilikuwa nimebeba maradhi ya chupa?" Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa zaidi kwenye hatua zilizo mikononi mwako wewe mgonjwa. Lakini kwanza tuijue njia yenyewe, kwa sababu anayejua mkojo unapita wapi huelewa kwa nini anaambiwa afanye hivi na asifanye vile.

Figo ziko wapi, na zinafanya nini

Shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma. Pandisha vidole hivyo taratibu mpaka viguse ubavu wa mwisho mgongoni. Nyuma ya hapo, ndani kabisa, huku na huku ya uti wa mgongo, ndipo zilipo figo. Kila moja ina umbo la haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi, na uzito wa kama gramu 150. Ya kulia hukaa chini kidogo kwa kuwa juu yake pana ini.

Watu wengi hunijia wakisema "figo zinaniuma" huku wameshika sehemu ya chini ya mgongo, karibu na makalio. Huko figo haziko. Maumivu ya pale, yanayozidi mtu akiinama au akibeba ndoo, mara nyingi ni ya misuli au pingili. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, upande mmoja au yote miwili, na yakiandamana na homa na kutetemeka ni jambo la kuharakia hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ya figo anaijua kila aliyekamua tui. Nazi iliyokunwa hutiwa kifumbuni, ikakamuliwa; tui likapita, chicha ikabaki. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni 1, na kila kimoja kina kifumbu chake cha mishipa myembamba. Moyo ukisukuma lita 5 za damu kwa dakika, zaidi ya lita 1 hupelekwa figoni. Maji, chumvi, sukari na taka hupita kwenye kifumbu. Chembe za damu na protini kubwa ndizo chicha: hazitakiwi kupita. Zikionekana kwenye mkojo, swali la kwanza ni kama kifumbu kimetoboka, au kama zimeingilia huko chini baada ya figo.

Hapo mfano wa nazi unafika mwisho wake, maana figo hufanya jambo ambalo mpishi hafanyi. Kwa siku moja huchuja kama lita 180. Lau zote zingetoka, mtu angekauka kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo mirija midogo inayofuata baada ya kifumbu huyarudisha mwilini karibu maji yote, pamoja na chumvi inayohitajika na sukari yote. Kinachobaki ni lita 1 hadi 2 za mkojo, ambao sehemu kubwa sana ni maji, na ndani yake mna taka za mwili ziitwazo urea na kreatinini, pamoja na chumvi zilizozidi.

Sukari hurudishwa yote, ila kwa kikomo. Ikizidi kama milimoli 10 kwa lita katika damu, mirija hulemewa na sukari humwagika kwenye mkojo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na kisukari cha mwanzo na mkojo wake usionyeshe chochote. Asiye na sukari kwenye mkojo asijipe hukumu ya usalama. Kisukari hupimwa kwa damu.

Zaidi ya kuchuja, figo husaidia kudhibiti shinikizo la damu, huamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu, na huipa nguvu vitamini D. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo wa muda mrefu hupungukiwa damu na mifupa yake hudhoofika, na mtu akashangaa mifupa na figo zimejuana wapi.

Kutoka figoni kwenda chini

Kila figo ina mrija wake, mwembamba, wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, unaoteremka hadi kwenye kibofu. Mrija huu una misuli inayobana na kuachia, ikausukuma mkojo kidogo kidogo hata ukiwa umelala. Una sehemu tatu nyembamba zaidi: unapoanzia figoni, unapovuka mishipa mikubwa ya nyonga, na unapoingia kibofuni. Kijiwe cha figo kikishuka hukwama katika mojawapo. Mrija hubana kukisukuma, na hapo huja maumivu ya mawimbi, yakianza ubavuni na kushuka hadi kinenani, mtu asipate namna ya kukaa wala kulala. Wavuvi wetu huyapata sana, na si ajabu: mtu huondoka na chombo alfajiri, akakaa juani kutwa, akajibana kunywa ili maji yamfikishe nyumbani. Mkojo uliokolea ndio unaojenga vijiwe.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kikifika kama robo lita huanza kukukumbusha, na watu wazima wengi huweza kubeba hadi nusu lita. Kutoka hapo mkojo hupita njia ya mwisho, na hapa mwanamke na mwanamume hutofautiana sana. Njia ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, na mlango wake uko jirani na uke na njia ya haja kubwa. Ya mwanamume hufika kama sentimita 20, na mwanzoni mwake hupita katikati ya tezi dume. Kutokana na hilo, wanawake hupata maambukizi ya njia ya mkojo kwa urahisi zaidi, bila ya kuwa na uchafu wowote wa kulaumiwa. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wasichana wakisimangwa na mama zao mbele ya dirisha la maabara. Binti hakufanya kosa, ni maumbile. Kwa wanaume wazee, tezi dume ikikua huibana njia, mkojo ukatoka kwa kusitasita, na kibofu kikabaki na akiba inayoalika vijidudu. Mla miraa au muguka naye aelewe kwamba majani hayo huubana mkondo wa mkojo.

Hatua ya kwanza: jua ni mkojo gani unaotakiwa

Uliza kabla ya kutoa. Si kila kipimo kinataka mkojo uleule.

Kwa kipimo cha ujauzito cha siku za mwanzo, na kwa kutafuta protini au vijidudu, mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa kuwa umekolea na umekaa kibofuni usiku kucha. Kwa kuwatafuta vijidudu vya njia ya mkojo, hutakiwa mkojo wa katikati, nitakaoueleza hapa chini. Kwa magonjwa ya zinaa kama kisonono, mambo hugeuka: hutakiwa yale matone ya mwanzo, kwa sababu ugonjwa umekaa kwenye njia yenyewe na hayo ndiyo yanayouosha. Kwa kichocho hutakiwa mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na matone ya mwisho yasiachwe. Mtu aliyepewa kikopo bila maelezo ana haki ya kurudi dirishani na kuuliza.

Sema pia unachokula na unachomeza. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kirefu juu ya kuutazama mkojo, na akaonya kwamba mtu asiwe amekula kitu cha kutia rangi kama zafarani. Karibu miaka elfu imepita na onyo lake bado linafaa. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huufanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa iliyokoza, na bitiruti huweza kuutia wekundu. Vidonge vya vitamini C kwa wingi huficha sukari na damu kwenye kijiti. Na kama umeshaanza antibiotiki ulizonunua duka la dawa, sema bila haya; vijidudu vinaweza visiote maabara ilhali bado vipo. Mwanamke aliye hedhini aseme, au asubiri siku zipite ikiwa kipimo si cha dharura.

Hatua ya pili: kikopo

Tumia kikopo cha maabara, kisafi, kikavu, chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Chupa ya soda, ya asali, ya dawa ya kikohozi au ya marashi isitumike hata kama imeoshwa mara saba. Sukari hubaki, sabuni hubaki, na vyote viwili huharibu majibu. Usikisuuze kikopo cha maabara kwa maji ya birika, kimeshaandaliwa. Usiguse ndani yake wala ndani ya kifuniko. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko huvuliwa na kuchanganyika.

Hatua ya tatu: kutoa mkojo wa katikati

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo wahudumu wengi hupapita mbio kwa aibu.

Nawa mikono kwa sabuni. Kisha jisafishe kwa maji safi yanayomiminika, kwa kata au kopo, si kwa kuchovya mkono. Sisi tumezoea kutumia maji msalani, na hilo ni jema, lakini desturi ni kujisafisha baada ya haja. Kwa kipimo hiki jisafishe kabla. Usitie dawa za kuua vijidudu, kwani matone yake yakiingia kikoponi yataviua vile tunavyovitafuta. Mwanamke ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, asirudishe mkono mbele, kisha aitenge midomo ya uke kwa vidole viwili na aishikilie hivyo mpaka amalize. Mwanamume ajisafishe kichwa cha uume. Ambaye hakutahiriwa arudishe govi nyuma kwanza.

Anza kukojoa, mkojo wa mwanzo uende chooni. Huo unaiosha njia. Bila ya kuukata mkondo, ingiza kikopo, kinga mpaka kifike nusu, kitoe, kisha malizia chooni. Kikopo kisiguse ngozi, nywele wala nguo. Funga kwa nguvu. Pangusa nje. Mambo haya hayachukui dakika mbili.

Kwa bibi mwenye maumivu ya magoti asiyeweza kuchutama, aketi kwenye kiti cha choo au asaidiwe na binti yake. Kwa mtoto mdogo asiyeelekezeka, mwoshe, mnyweshe, umpakate huku kikopo kiko tayari, na uwe na subira. Ule mkojo uliokamuliwa kwenye nepi haufai.

Hatua ya nne: safari

Mkojo ukae kwenye joto la kawaida si zaidi ya saa moja, ikizidi sana mbili. Baada ya hapo vijidudu huongezeka, chembe za damu huvunjika, sukari huliwa na vijidudu, na uchachu wa mkojo hubadilika. Mtu wa mitaa ya hapa mjini, Mkomani au Langoni, hana tatizo, ni hatua chache kwa miguu. Anayetoka Faza, Siyu au Kizingitini, kule Kisiwa cha Pate, ana tatizo kubwa, na ushauri wangu kwake ni mmoja: usibebe mkojo, jibebe wewe. Kunywa maji njiani kiasi, uje utoe ukifika.

Ikiwa mgonjwa hawezi kusafiri na lazima mkojo utangulie, utiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na hapo utavumilia hadi saa 24. Kikopo kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kwenye kisanduku cha barafu kisicho cha samaki, na kisigusane na barafu moja kwa moja maana mkojo ukiganda chembe hupasuka. Hospitali kubwa zina vichupa vyenye asidi ya boriki ya kuhifadhi. Uliza kabla ya siku ya safari. Na kifuniko kihakikishwe mara mbili, usije ukafika gatini Lamu nguo zimeingia najisi na adhuhuri inaadhiniwa.

Hatua ya tano: kuutazama kwa macho

Kabla ya kijiti kuna jicho. Mkojo mzuri ni wa njano hafifu na unapenyeka kwa mwanga. Njano iliyokoza ni kiu ya mwili, na katika kaskazi, na siku za Ramadhani karibu na magharibi, ni jambo la kawaida. Maji kati ya futari na daku yaurudishe. Usiporudi baada ya maji kuna la kutafuta. Rangi ya chai ya rangi, hasa macho yakiwa ya manjano, huelekeza kwenye ini au kwenye kuvunjika kwa chembe nyekundu. Wekundu ni damu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Povu jingi lisilotulia, siku baada ya siku, laweza kuwa protini. Mawingu yaweza kuwa usaha, lakini yaweza pia kuwa chumvi tu zilizojigandisha kikopo kilipopoa. Harufu kali peke yake haithibitishi ugonjwa.

Hatua ya sita: kijiti

Vijiti huuzwa katika vichupa vyenye vifuko vya kunyonya unyevu. Hapa pwani hewa ni ya unyevu mwaka mzima, na Februari na Machi joto hupita nyuzi 30, kiwango ambacho watengenezaji wengi hutaka kisivukwe. Kichupa kikiachwa wazi mezani, viraka vya kijiti vinavyobadilika rangi huharibika, na kile cha nitraiti, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya vijidudu, huweza kugeuka cha waridi hata bila mkojo. Nimeona vijiti vya namna hiyo vikitumika. Ukiwa muuguzi au mwenye duka la dawa: toa kimoja, funga hapohapo, andika tarehe uliyofungua.

Changanya mkojo kwa kuutikisa polepole. Chovya kijiti mpaka viraka vyote vilowe, kitoe mara moja, pangusa ukingo wake kwenye mdomo wa kikopo, kisha kilaze upande ili rangi za viraka zisichuruzikiane. Sasa tazama saa. Kwa vijiti vingi, sukari husomwa kwa sekunde 30, ketoni (mabaki ya mafuta yaliyochomwa na mwili) 40, uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji 45, damu, protini, uchachu na nitraiti 60, na chembe nyeupe 120. Fuata kile kilichoandikwa kwenye kichupa chako. Kusoma baada ya dakika tano, kwa sababu mtu aliitwa nje, ni sawa na kubahatisha.

Uzito wa mkojo huwa kati ya 1.005 na 1.030; ukielekea juu, mtu hakunywa maji ya kutosha. Uchachu huwa kati ya 4.5 na 8. Ketoni huonekana kwa aliyefunga, aliyetapika sana, na mgonjwa wa kisukari aliyeharibikiwa, na huyu wa mwisho, akiwa na sukari pamoja na ketoni na anahema kwa nguvu, akimbizwe. Protini kidogo yaweza kuletwa na homa au kazi ngumu, kwa hiyo hurudiwa siku nyingine. Ikibaki, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, asiachiwe aende zake: magonjwa hayo mawili ndiyo yanayoua figo nyingi, na protini hutangulia dalili zote. Apimwe pia kreatinini kwenye damu.

Kuhusu hii "UTI" inayotajwa kila nyumba

Nina uchungu na jambo hili. Mtu akiwa na uchovu, mgongo unauma, kijiti kina chembe nyeupe kidogo, basi "una UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na anapewa sindano. Wiki mbili baadaye anarudi, anapewa nyingine.

Chembe nyeupe ni askari. Huonyesha pana msukosuko, hazisemi adui ni nani. Kwa mwanamke ambaye hakutoa mkojo wa katikati, zinaweza kuwa zimetoka ukeni. Nitraiti ina uzito zaidi, kwa sababu hutengenezwa na vijidudu fulani, hasa *E. coli*, wanaoibadili chumvi iitwayo nitreti iliyomo kwenye mkojo. Lakini huhitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa nne, na wapo vijidudu wasioitengeneza kabisa. Vikiwapo vyote viwili, pamoja na dalili zenyewe, yaani kuungua wakati wa kukojoa, kwenda chooni mara kwa mara na kubanwa ghafla, hapo maambukizi yanaelekea kuwa kweli. Pasipo dalili, kwa mtu asiye mjamzito, kijiti chenye rangi si sababu ya antibiotiki.

Maambukizi yakirudi mara kwa mara, omba mkojo uoteshwe. Huwekwa kwenye sahani ya chakula cha vijidudu kwa saa 24 hadi 48, kisha vinajaribiwa dawa moja moja ionekane ipi inaviua. Ni gharama na ni kungoja, lakini ni nafuu kuliko dawa ya nne isiyofanya kazi.

Hadubini, na kichocho

Mkojo huzungushwa kwenye mashine kama dakika 5, mashapo yakatuama chini, tone likawekwa kwenye kioo. Hapo huonekana chembe nyekundu na nyeupe, fuwele, vijidudu, na miviringo iliyofinyangwa ndani ya mirija ya figo. Miviringo yenye chembe nyekundu hutuambia damu imetoka figoni kwenyewe, habari ambayo kijiti hakiwezi kuitoa.

Na huonekana mayai ya kichocho, yenye mwiba mmoja nchani. Minyoo hawa, waliotambuliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851, hawaishi baharini. Watoto wa Shela wanaopiga mbizi kwenye maji chumvi hawapati kichocho humo. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji baridi yaliyotulia: madimbwi, malambo, mifereji na kingo za mito. Kwa hiyo mtoto wa bara ya Malindi, anayechota na kuoga kwenye dimbwi, ndiye wa kuangaliwa. Dalili yake ni damu mwishoni mwa kukojoa, na mara nyingi haimuumi sana. Kuna sehemu za Afrika ambako wazee walidhani ni alama ya mvulana kubaleghe. Si baleghe. Ikiachwa miaka hukaza kibofu, huziba mirija na huweza kuleta saratani ya kibofu.

Mpeleke mchana, saa nne hadi saa nane, mayai yanapotoka kwa wingi. Atembee au aruke kidogo kabla. Mililita 10 hupitishwa kwenye karatasi ya kuchuja na mayai yakahesabiwa. Tiba ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja, anayotoa mhudumu wa afya. Akirudi kwenye dimbwi lilelile ataambukizwa tena, basi ndugu zake wapimwe na wazazi wamtafutie pa kuoga.

Mama mjamzito

Mkojo upimwe kila anapohudhuria kliniki, asikubali kuambiwa vijiti vimekwisha bila kuelekezwa pengine. Baada ya wiki 20, protini pamoja na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi huashiria kifafa cha mimba kinanyemelea. Na tofauti na watu wengine, mjamzito mwenye vijidudu vilivyothibitishwa hutibiwa hata kama hasikii kitu, kwa sababu hupanda figoni kwa wepesi na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Usingoje kupambazuka

Damu inayoonekana kwa macho yenye mabonge. Homa na kutetemeka na maumivu chini ya mbavu. Mzee anayebanwa na mkojo usitoke, tumbo la chini limevimba. Mtu asiyekojoa kwa saa 12 ilhali ametapika au ameharisha. Mjamzito mwenye kichwa kinachogonga, macho yenye giza, au uso uliovimba. Hawa boti itafutwe usiku huohuo. Wasipewe vidonge vya maumivu vya diklofenaki au ibuprofeni wala miti shamba njiani. Figo iliyokaukiwa maji haivivumilii, na kwa mjamzito ni hatari zaidi. Wakati chombo kinaandaliwa, andika kwenye karatasi saa aliyokojoa mara ya mwisho, rangi ya mkojo, na dawa zote alizomeza tangu jana, uitie mfukoni mwa atakayemsindikiza.